Kiwanja cha Mashimo Tisa

Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, namjibu kwamba nilikuwa nacheza. Kwa kawaida mazungumzo huishia hapo, na mimi ndivyo nipendavyo. Nikitaja gofu nitaulizwa gofu ni nini, na swali hilo nimelijibu kwa miaka thelathini mbele ya wauza maziwa, maimamu, mashemeji, na polisi wa vizuizini waliotaka kujua vile vyuma kwenye mfuko ni vya kazi gani. Jibu ni lilelile na uso wa msikilizaji ni uleule. Unapiga kijipira, unakifuata, unakipiga tena? Ndiyo. Halafu? Kinaingia shimoni. Halafu? Unakitoa. Msikilizaji anakuonea huruma, hasa kama ametoka kulima. Mwishowe nilichoka kueleza, nikaacha. Nalisema hili mapema kwa sababu uvivu wangu huo wa kueleza ndio uliozaa mambo yote ninayotaka kuandika hapa.

Nilizaliwa Mbarara, katika nyumba ya Waislamu ambamo Kiswahili kilizungumzwa mpaka jikoni, kwa kuwa baba alitoka upande wa Bukoba. Alinunua ngozi za ng'ombe Endiinzi akaziuza mjini, na nyumba yetu ilinuka chumvi na ngozi mwaka mzima. Mimi nilikimbilia kwenye kiwanja cha gofu kwa sababu hakikunuka. Nilianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji, nikaokota fimbo iliyovunjika, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli, nikajifunza. Baadaye nikawa mchezaji wa kulipwa. Nimecheza Kampala, Jinja, Kericho na Nairobi. Nilipata nafasi ya pili mara tatu, na nafasi ya kumi na moja mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha mgongo ukakataa. Daktari alinionyesha picha yake, akasema mifupa yangu ni ya mtu wa miaka sabini, nami sikuwa nimefika hata arobaini na tano. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Nikarudi Mbarara, miaka michache baada ya vita vya Kongo kuanza kumimina wakimbizi Nakivale.

Mchezaji aliyeishiwa na mgongo ana njia mbili: kuwafundisha matajiri kupiga mpira, au kuwachorea viwanja vya kuupigia. Kufundisha nilijaribu nikashindwa, kwa kuwa sina subira ya kumsifu mtu anayepiga udongo badala ya mpira. Nikaanza kuchora. Mwanzoni zilikuwa kazi za viraka. Shamba la chai liliniita nirekebishe mashimo matatu yaliyokuwa yakijaa maji. Shule moja ikaniomba niisogezee shimo mbali na madirisha ya bweni. Nilizunguka na kamba, rangi nyekundu na daftari, nikisahihisha makosa ya watu waliokufa zamani. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, na nilikitaka mpaka nikawa nakiota: kiwanja kizima, tangu shimo la kwanza hadi la mwisho, ambacho ningeweza kusema nimekichora mimi. Nilipokuwa nacheza sikushinda chochote kikubwa. Niliona kwamba kiwanja kingebaki hata mimi nikisahauliwa.

Mke wangu alinicheka. "Wenzio wakistaafu wanakaa barazani," alisema. "Wewe umestaafu unazunguka porini kutafuta mashimo. Siku moja utaingia la fisi."

Kazi niliyoitamani ililetwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa askari mstaafu, na ardhi yake ya malisho ilikuwa Isingiro, katikati ya Kaberebere na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vilima vinavyoshuka polepole mpaka unaliona ziwa. Gofu ilikuwa imemwingia uzeeni kama wengine wanavyoingiwa na mke wa pili, na alitaka kiwanja chake mwenyewe. Tulikutana mjini, akanywa chai yangu yote, akaniambia kwa Kiswahili cha jeshini: "Mimi hapana taka maneno mingi. Wewe najua hii kazi?"

Nikasema naijua.

"Basi tengeneza mashimo tisa. Ile kamili ya kumi na nane ni ya watu ya Kampala."

Kwa wiki nzima usingizi wangu ulikuwa wa vipande kwa furaha. Ni aibu kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nyapara nilimpata Nakivale. Alikuwa Mkongo, mfugaji wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyefika makazini miaka ile ya vita na mke, watoto, Biblia, na fimbo ya kuchungia isiyokuwa na ng'ombe. Kanisani kwao alikuwa shemasi. Mtu mrefu, mkimya, asiyeuliza maswali, na kwa hilo la mwisho nilimpenda sana. Tuliitembea ile ardhi siku nne. Mimi nilitazama mbali, nikitafuta mpira ungeangukia wapi. Yeye alitazama chini, miguuni. Alinionyesha njia za ng'ombe.

"Ngombe haipandaki mulima wima," aliniambia. "Inazunguka. Ukifwata njia yake, hauchoke."

Nikazifuata. Mashimo manne kati ya tisa yaliwekwa na ng'ombe, na ndiyo yaliyokuja kusifiwa na wageni.

Katika siku zote nne hakuniuliza tunatafuta nini, nami sikumwambia. Nilidhani anajua, au nilijifanya nadhani hivyo. Jumatatu iliyofuata tulikwenda kwenye soko la makazini kutafuta vibarua. Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Mapigano yalikuwa yameanza tena kwao, na wageni walilala kwenye mahema makubwa ya mapokezi wakingoja kupimiwa mahali pa kuishi. Nikapanda juu ya gogo, nikasema kwa Kiswahili changu cha Mbarara ambacho nilikuwa nakionea fahari: "Jamani, tunapima kiwanja cha mashimo tisa. Anayetaka kazi aje kwa nyapara." Hayo tu. Mtu mmoja akauliza kiwanja hicho ni cha nani. Jua lilikuwa kali na mgongo ulikuwa unauma, nikamjibu harakaharaka: "Cha kila atakayeweza." Nilimaanisha atakayeweza kucheza.

Tukapigilia vigingi tisa, kila kimoja mahali ambapo bendera ingesimama, nikaviandika namba kwa rangi nyekundu, moja hadi tisa. Ramadhani ilikuwa inaishia. Nikamwachia nyapara kazi ya kufyeka majani, nikarudi Mbarara kufuturu na watu wangu na kuswali Idi. Nilikaa siku kumi. Nilikula pilau, nilikandwa mgongo kwa mafuta ya moto, nikakichora kiwanja changu upya kwa penseli za rangi za binti yangu. Namba saba ndiyo niliyoipenda zaidi, mpira unavuka bonde na kutua kwenye kitako cha kilima, ziwa likiwa nyuma yake. Niliipaka rangi mara tatu.

Niliporudi, bodaboda ilinishusha juu ya kilima cha kwanza, na kitu nilichokiona ni chungu ya udongo mwekundu penye kigingi namba moja. Nikafikiri ni mhanga amechimba. Penye namba mbili, chungu nyingine. Nikaanza kutembea upesi kuliko mgongo ulivyoruhusu. Penye kila kigingi palikuwa na shimo la mraba, refu kupita kimo cha mtu, kingo zimechongwa sawasawa, kazi safi kabisa. Kando ya kila shimo palikuwa na watu na masufuria na magodoro yaliyoviringishwa. Penye namba nne kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye kigingi changu. Waliponiona walisimama, na wengine wakapiga makofi.

Nyapara alikuja akitabasamu, mara yangu ya kwanza kumwona hivyo.

"Muzee, ulifika muzuri? Tulimaliza yote. Ulisema mashimo kenda, njo hizi."

Kenda ni tisa. Ni Kiswahili cha zamani, na wao bado wanacho.

"Mmechimba nini?" nikamuuliza.

"Choo."

Nilikaa chini kwenye majani. Alidhani nimechoka na safari, akaniletea maji. Kisha akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni: "Makazini, mutu akipewa kiwanja, anachimba shimo ya choo kwanza. Bila shimo, habamupatie bashe, ile turubai ya kufunika nyumba. Wewe ulisema kiwanja, ukasema mashimo. Sisi tukasema, huyu muzee anajua kazi. Anahesabu choo mbele ya nyumba."

"Na wewe? Wewe ulifikiri tunapima nini siku zote zile?"

"Nilifikiri tajiri iko na ardhi mingi, na Mungu alimugusa roho."

Kiwanja. Makazini kiwanja ni kile kipande cha ardhi anachopimiwa mkimbizi ili ajenge. Kinapigiliwa vigingi na kuandikwa namba. Nilikuwa nimepanda juu ya gogo nikalitangaza neno hilo mbele ya watu waliolingoja kwa miezi. Redio husema uwanja wa gofu. Baba yangu alisema kiwanja, na mtaa wetu wote, na mimi. Sijui kama uwanja ungesaidia. Ningeongeza kwamba ni cha mchezo, hilo lingesaidia, lakini nilikuwa nimechoka kueleza mchezo. Asiyejua maana haambiwi maana, tulikuwa tukisema utotoni kwa kiburi. Siku ile nilijiona mjinga kuliko wote waliosimama pale.

Tena tangazo langu lilikuwa limesomwa kanisani. Wazee wa kanisa walikaa mchana kutwa wakachagua jamaa tisa: wajane kwanza, kisha wenye wagonjwa, kisha wenye watoto wachanga. Walipiga kura kujua nani akae namba gani. Waliomba, wakaimba, wakaja na majembe. Nikamuuliza nyapara kwa nini yeye hakuchukua namba. "Mimi niko na kwangu," alisema. "Ningeiba ya mutu."

Nikawaomba wote wakusanyike penye namba saba. Nikatoa kwenye mfuko fimbo moja na mpira mmoja mweupe. Nikakanyaga udongo mpaka ukawa sawa, nikafukia kopo tupu la maziwa ya unga mpaka mdomo ukalingana na ardhi, nikarudi hatua tatu, nikausukuma mpira. Ukaingia koponi na ukagonga bati. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mwenye namba saba alikuwa mjane, mwanamke mwembamba aliyefunga kitenge kiunoni kwa ajili ya kazi, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko. Watoto wake wanne walikuwa wamekaa juu ya godoro. Aliniuliza kwa heshima.

"Sasa, muzee, nyumba itakuwa fasi gani, hapa ao pale?"

"Hakuna nyumba, mama."

"Na hii shimo?"

"Ni ya mpira."

"Zote kenda?"

"Zote."

Aliinama akautazama mpira ndani ya kopo. "Mupira iko na fasi," akasema. Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Alisema kama mtu anayepewa habari za jirani aliyepata kazi. Nimeyasikia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu siku ile.

Kabla hatujatawanyika, simu yangu ikalia. Wachungaji wa ng'ombe walikuwa wamefikisha habari kwa mwenye ardhi. "Banange! Wewe mzee! Mimi nasikia watu nachimba choo ndani ya golf yangu!" Nikasogea mbali na watu. "Jumapili mimi naleta wageni kuona. Kama hiyo watu iko pale, mimi naita polisi. Na wewe chukua fimbo yako rudi Mbarara. Mtu ya Kampala iko tayari."

Hapo ndipo nilipojijua. Kilichonijia kwanza rohoni hakikuwa wale watoto juu ya godoro. Kilikuwa kile kiwanja changu cha penseli za rangi, na yule mtu wa Kampala akikichukua. Nikasema uongo. Nikamwambia: "Mzee, hao ni vibarua wangu. Hayo mashimo ni ya kupima udongo. Kila mtaalamu huchimba kwanza kuona maji yanapita wapi."

"Ah," akasema. "Kupima udongo. Sawa. Lakini Jumapili yote iko imefungwa."

Kwa hiyo nikawaajiri wayafukie. Nilijiambia kwamba nimewaepusha na polisi, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliwafanya watu wazike viwanja vyao kwa mikono yao wenyewe, kwa posho ya siku. Walifanya kazi bila kuimba. Nyapara hakunisemesha siku mbili. Jioni ya siku ya pili alinijia na kusema kwamba lazima atasimama kanisani kuomba msamaha, kwa kuwa yeye ndiye aliyepeleka tangazo. Nikamwambia makosa ni yangu. "Yako ni ya kwako," alijibu. "Ya kwangu ni ya kwangu."

Mjane wa namba saba hakufukia. Alikaa ukingoni mwa shimo lake siku ya kwanza na ya pili, watoto wake wakichezea ile chungu ya udongo. Hakugomba wala hakukataa, alikaa tu. Nyapara alinieleza kwamba alipotoka kwenye hema la mapokezi alimwachia mwanamke mwingine mahali pake pa kulala, kwa kuwa alikuwa amepata kwake. Hakuwa na pa kurudi. Siku ya tatu, Jumamosi, nikachukua sepetu nikaanza kulifukia mwenyewe. Baada ya dakika chache mgongo ulinishika nikabaki nimeinama, siwezi kupanda wala kushuka. Akanyanyuka, akaninyang'anya sepetu.

"Unafanya mubaya, muzee. Udongo ya chini inarudi chini kwanza."

Alilifukia shimo lake mpaka jioni, akalikanyaga kwa miguu yake mpaka likawa sawa na mahali pengine pote. Mimi nilikaa juu ya godoro lake na watoto wake, sifai kwa lolote. Alipomaliza nilimwambia kuna kibanda cha zana nyuma ya mkaratusi uliokuwa karibu, kina bati zima na mlango, akae humo na wanawe mpaka mambo yake yatengemae. Sikuomba ruhusa ya mtu. Hicho ndicho kitu pekee katika habari hii ambacho sikukifikiria mara mbili.

Cha ajabu ni kwamba uongo wangu ulikuwa wa kweli. Nilikuwa nimeangalia ndani ya yale mashimo kabla hayajafukiwa. Penye namba tatu udongo ulikuwa mfinyanzi mtupu, maji yangesimama mwaka mzima. Penye namba tano palikuwa na mwamba. Nikavihamisha vigingi vyote viwili. Wasingechimba, ningejenga vibaya, na kiwanja kingekufa mvua za kwanza. Niliwaeleza wageni wa Jumapili habari za udongo kwa ufasaha mkubwa, na mwenye ardhi alinipigapiga begani. Niliona haya.

Kiwanja kilijengwa. Majani laini yanayotunzwa kwa maji mengi yangetushinda kule, kwa hiyo penye mashimo tuliweka brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji, unashindiliwa mpaka mpira unateleza juu yake bila kuruka. Mchanga huo lazima uburutiwe gunia na kufagiliwa kila siku, la sivyo nyayo zinauharibu. Mjane nilimpa kazi ya kufagia namba saba. Alifagia kama wanavyofagia uani kwao, tangu alfajiri, kwa ufagio wa majani, akirudi nyuma ili asiache alama ya mguu. Nyingine nane zilikuwa nzuri. Hiyo ilikuwa safi kiasi kwamba wachezaji walisita kuikanyaga. Waliniuliza siri yake, nikawa nasema ni upepo wa ziwa.

Siku ya kufunguliwa nilipiga mpira wa kwanza. Palikuwa na soda, nyama na hotuba. Nilikuwa nimepata nilichokitaka maisha yangu yote, na niliposhika mkono wa kila mtu nilikuwa najisikia kama mtu aliyekula kabla ya wenye nyumba. Nilirudi Mbarara jioni ile, mke wangu akaniuliza kilikuwaje. Nikamwambia kilikuwa kizuri. Hakunitania, na hapo nikajua uso wangu ulikuwa unasema jambo jingine.

Kilichezwa miaka minne, labda mitano. Kisha mwenye ardhi akafariki. Wanawe hawakuona maana ya kulisha mchanga wakati ng'ombe wana njaa, na sikuwalaumu. Bendera zilishonwa mapazia. Nyapara, baada ya kungoja miaka mingi, alipelekwa ng'ambo pamoja na jamaa yake, kwenye mji wa baridi ambao jina lake hakuweza kulitamka vizuri. Mimi niliendelea na viraka vyangu, shimo hapa, shimo pale, mpaka mikono nayo ikaanza kuufuata mgongo. Vijana wa gofu waliponiuliza nimechora kiwanja gani, nilikuwa nasema kilikuwa upande wa Isingiro, kimekufa.

Mwaka mmoja, ng'ombe wakiwa wamekonda kwa ukame, nyapara alinipigia simu kutoka huko aliko. Alikohoa, akauliza habari za mgongo, akaniomba nimfikishie salamu mama wa namba saba, kwa kuwa simu yake ilikuwa haipatikani. Sikutaka kwenda. Nilitafuta sababu wiki mbili, kisha nikapanda gari mpaka Kaberebere, na toka hapo bodaboda.

Namba moja niliitambua kwa shida. Namba mbili na tatu zilikuwa malisho. Penye namba sita waliweka chumvi ya ng'ombe, na pembeni palikuwa na matope. Nilipita juu ya kazi yangu nikiikanyaga, bila kujua mahali nilipokuwa, na kitu ndani yangu kilikuwa kinasema basi, yamekwisha, rudi nyumbani. Kisha nikavuka bonde.

Namba saba ilikuwepo. Duara zima, jeusi kwa oili, limefagiliwa. Juu yake palitandikwa bashe, na juu ya bashe yalianikwa maharage. Nyuma yake, penye kile kibanda cha zana, palikuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu, migomba, na zizi la mbuzi. Wale warithi walikuwa wamemwacha akae, kwa kuwa alitunza tangi la maji la ng'ombe na hakuna aliyekumbuka tena alifikaje pale. Alinijua kwa mwendo wangu kabla hajaniona uso. Alinifutia kigoda kwa kitenge chake. Watoto wake walikuwa watu wazima, na pale uani palikuwa na wajukuu, na msichana mgeni mwenye haya aliyekuwa anaposwa na mwanawe mkubwa. Akawaita wote waje wanisalimu.

"Huyu njo ule muzee," akawaambia. "Njo alitupimiaka kiwanja."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Alikuwepo, alijua kuliko mtu yeyote kilichotokea, alifukia lile shimo kwa mikono yake. Nilimtazama nione kama ananicheka, na hakuwa ananicheka. Wakanipa mikono mmoja mmoja, wakipiga magoti, kama mtu aliyewatendea wema. Nililia mbele yao, na sioni haya kulisema. Wakadhani ni uzee.

Yule mwanawe mkubwa alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa wale warithi, nao walimruhusu ajenge chumba chake karibu na mama kabla ya harusi. Nilipomaliza chai alisogea, mikono nyuma.

"Muzee, wewe unajua kupima. Utupimie na sisi."

Nikamuuliza anataka kiwanja kikubwa kiasi gani. Akamtazama mchumba wake, akacheka. Nikanyanyuka. Sikuwa na kamba wala rangi, nikapiga hatua zangu zilezile za kupimia umbali wa mpira, kumi na mbili kwenda, tisa kushuka, na yeye nyuma yangu akigongea vigingi kwa jiwe. Mama yake alifuata akisema mlango utazame hapa, dirisha lisitazame zizi. Tulibishana. Nilirudia hatua mara ya pili, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa umepinda.

"Na choo?" akauliza kijana.

Choo hakiwekwi upepo unakotoka. Nikainama taratibu, nikang'oa majani makavu machache, nikayarusha juu kupima upepo, kama nilivyofanya kabla ya kila pigo la mpira maishani mwangu. Yakaelea kidogo, yakapeperukia upande wa bonde. Nikarusha tena kuhakikisha.

"Pale," nikamwambia. "Chini ya ule mteremko, hatua thelathini. Chimba pale."

Akavua shati, akatema mate viganjani, akaanza kuchimba.